Haki zako katika kesi ya jinai: mwongozo kamili kwa mtuhumiwa na kwa aliyetendewa kosa, kuanzia kituo cha polisi hadi rufaa

Maswali yanayoletwa na wasomaji yanafanana, na karibu yote yanakuja kwa kuchelewa. "Mdogo wangu alisaini maelezo ambayo hakuyasoma, tufanyeje?" "Binti alibakwa wiki iliyopita, ndiyo kwanza tunakwenda hospitali." "Hukumu ilitoka mwezi jana, tunataka kukata rufaa." Haki waliyoihitaji ilikuwepo. Ilikuwa na saa yake, na saa hiyo ikapita.

Mwongozo huu unafuata saa hizo moja baada ya nyingine. Unahusu Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Zanzibar ina sheria yake ya 2018, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asichukue siku na muda uliotajwa hapa kama ulivyo.

Shika jambo moja tangu sasa. Katika kesi ya jinai, kilichotokea hakitoshi. Lazima kiwe kimeandikwa kwenye kumbukumbu. Jaji wa rufaa hakuwepo kituoni wala mahakamani. Anasoma karatasi. Hatua zote zilizo hapa chini zina lengo hilo: neno lako liingie kwenye karatasi, kwa wakati wake.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kwa upande wa mtuhumiwa, ndugu mmoja apewe kazi hii na asiigawe kwa watu watano:

- Daftari dogo na kalamu. Andika tarehe, saa, jina la askari, cheo chake na kituo.
- Kitambulisho cha NIDA cha mtuhumiwa (au namba yake) na vya watu wawili walio tayari kumdhamini.
- Barua ya utambulisho ya kila mdhamini kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, pamoja na picha ndogo za pasipoti.
- Nakala ya hati ya kiwanja, kadi ya gari au barua ya mwajiri, iwapo mahakama itataka mdhamini mwenye mali au mwenye ajira inayotambulika.
- Karatasi za hospitali ikiwa mtuhumiwa anatumia dawa za kila siku. Mueleze mkuu wa kituo siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa aliyetendewa kosa:

- Nguo alizovaa wakati wa tukio. Usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni hufungia unyevu na kuharibu ushahidi.
- Cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ikiwa ni mtoto.
- Risiti, picha, namba za simu na namba ya IMEI ya kilichoibwa.
- Orodha ya watu waliofika mwanzo kwenye tukio, na namba zao.

Hati ya mashtaka, RB (namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi), PF3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari), hati ya dhamana: chochote utakachopewa, piga picha kwa simu siku hiyo hiyo. Karatasi hupotea, na kupata nyingine ni safari.

# SEHEMU YA KWANZA: Ukiwa mtuhumiwa

## Hatua ya 1: Unapokamatwa

Uliza mambo matatu kwa sauti ya kawaida: wewe ni nani, unanikamata kwa kosa gani, unanipeleka kituo gani. Askari anatakiwa akuambie kosa unalotuhumiwa nalo. Kisha nenda naye. Kukamatwa kimakosa kuna dawa yake mahakamani, lakini ukipambana na askari umejiongezea kosa la pili, ambalo mara nyingi huwa rahisi kulithibitisha kuliko la kwanza.

Mwanamke anapekuliwa mwilini na mwanamke. Hakuna sheria inayoruhusu mama kushikiliwa kwa sababu mwanawe ametoroka, wala mke badala ya mume. Jinai ni ya mtu mwenyewe. Likitokea, ndugu aende kwa mkuu wa kituo, akikwama aende kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Ikishindikana kote huko, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake na sababu ya kumshikilia itolewe.

Wakija kupekua nyumba, omba kuona kibali cha upekuzi, na omba shahidi asiye askari awepo, kwa kawaida mjumbe au jirani. Kwa kawaida nyumba hupekuliwa mchana. Usiku kunahitaji ruhusa mahsusi au dharura ya kweli. Upekuzi ukiisha, askari anaorodhesha vilivyochukuliwa, nawe unasaini pamoja na shahidi.

Soma orodha hiyo mstari kwa mstari. Ikiwa kuna kitu hakikutoka kwako, usikubali kusaini kana kwamba kilitoka. Kesi nyingi za mali ya wizi, nyara za serikali (kama meno ya tembo) na dawa za kulevya husimama au kuanguka kwa karatasi hiyo.

Umefanikiwa hatua hii ikiwa ndugu yako anajua uko kituo gani, kwa kosa gani, na nani amekukamata.

## Hatua ya 2: Maelezo ya onyo

Hapa ndipo kesi nyingi zinapotea, nami nitakaa hapa zaidi.

Kabla hujahojiwa, askari anatakiwa akutajie jina na cheo chake, akueleze kosa, na akuonye kwamba hulazimiki kusema chochote na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Ndiyo maana yanaitwa maelezo ya onyo. Una haki pia ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Haki hii unaiomba. Ukikaa kimya, mahojiano yataendelea.

Sema hivi: "Naomba kumpigia ndugu yangu, na naomba awepo wakati wa maelezo." Ukikataliwa, shika kumbukumbu ya saa na jina la aliyekataa.

Muda nao una mipaka. Sheria inatoa saa 4 za mahojiano, zinazohesabiwa tangu ulipowekwa chini ya ulinzi. Afisa msimamizi wa upelelezi anaweza kuziongeza hadi saa 8 nyingine, na lazima akuambie. Zaidi ya hapo anaomba kwa hakimu. Muda wa kusafirishwa, au wa kumsubiri wakili uliyemwita, hauhesabiwi. Mahakama ya Rufani imeyaondoa kwenye kumbukumbu maelezo mengi yaliyoandikwa nje ya muda huo bila nyongeza halali, na baadhi ya waliofungwa waliachiwa kwa sababu hakukubaki ushahidi mwingine wa kutosha. Kwa hiyo saa uliyokamatwa na saa uliyoanza kuhojiwa ni taarifa muhimu kuliko unavyodhani. Anayekutembelea aziandike daftarini.

Ukiamua kuzungumza, sema ukweli na usijaze mapengo. "Sikumbuki" ni jibu halali. "Nadhani itakuwa hivyo" litakurudi mahakamani likiwa limeshakuwa "nilifanya hivyo".

Maelezo yakishaandikwa, lazima usomewe au uyasome mwenyewe, na una haki ya kusahihisha. Usitie saini wala dole gumba kwenye ukurasa ambao hujausoma, wala ukurasa wenye nafasi tupu katikati. Kama hujui kusoma, omba yasomwe yote, polepole.

Ikiwa umepigwa au umetishwa, au umeahidiwa kwamba ukikiri utaachiwa, maelezo hayo si ya hiari, na ni upande wa mashtaka unaobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari. Mweleze mtu wa kwanza mwenye mamlaka utakayemfikia. Anaweza kuwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu, unayepelekwa kwake kuandika maelezo ya ungamo, au hakimu siku ya kwanza ya kesi. Muonyeshe majeraha na uombe kutibiwa. Majeraha yakitajwa siku ya pili yana uzito. Yakitajwa kwa mara ya kwanza mwaka mmoja baadaye kwenye utetezi, mahakama huyaita hadithi ya baadaye.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 hahojiwi kama mtu mzima. Mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii awepo, na kwa kawaida kesi yake inakwenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mzazi, taja umri wa mwanao dakika ya kwanza na ulete cheti. Watoto wamekaa mahabusu ya wakubwa kwa sababu tu aliyeandika kitabu alikadiria umri kwa macho.

## Hatua ya 3: Dhamana

Anza na dhamana ya polisi. Ikiwa haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, na kosa si kubwa, mkuu wa kituo anatakiwa akuachie kwa dhamana. Dhamana hiyo ni bure. Anayedai "hela ya fomu" anadai rushwa. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, bila malipo.

Mahakamani, hakimu hutaja masharti, na hapo watu hushtuka bila sababu. Ukisikia "wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya Sh 2,000,000", hakuna anayelipa milioni mbili siku hiyo. Mdhamini anasaini ahadi kwamba mshtakiwa akitoroka, yeye atadaiwa fedha hizo. Nimesikia familia zilizouza ng'ombe na viwanja kwa kutoelewa sentensi hiyo moja, na fedha zikaishia mfukoni mwa mtu wa kati. Fedha taslimu zinawekwa pale tu hakimu anapoamuru hivyo, na zikiwekwa, risiti ya serikali lazima itolewe.

Kuna makosa ambayo sheria yenyewe inakataza dhamana. Miongoni mwake ni mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na usafirishaji haramu wa binadamu. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikataa kulifuta katazo hilo. Kwa makosa haya usipoteze fedha kwa anayejidai ana njia ya dhamana. Zipeleke kwenye utetezi. Katika makosa ya mali au fedha zinazozidi Sh 10,000,000, sharti ni kuweka nusu ya thamani, kwa fedha taslimu au mali, na nusu inayobaki husainiwa bondi.

Masharti yakiwa mazito kuliko uwezo wako, mwombe hakimu ayalegeze, ukieleza kipato chako. Akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuyapunguza.

Ukishatoka, siku ya kesi ni siku ya kesi. Kuumwa ni sababu ikiwa kuna karatasi ya hospitali na mdhamini amefika nayo mahakamani. Pasipo karatasi, hati ya kukukamata inatolewa na dhamana ya pili haipatikani kirahisi.

## Hatua ya 4: Siku ya kusomewa shtaka

Hakimu au karani atasoma shtaka, kisha utaulizwa: ni kweli au si kweli?

Ikiwa hujaelewa, sema hujaelewa. Ikiwa Kiswahili si lugha unayoielewa vizuri, omba mkalimani. Ni haki yako na hulipi.

Jibu ambalo limewaponza wengi ni lile la kueleza huku ukikubali: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenivamia na panga." Huko si kukiri kosa, huko ni kujitetea, na hakimu anatakiwa aandike kwamba umekana. Usimwachie kazi ya kukutafsiri. Sema "si kweli", na maelezo yako yasubiri zamu yake.

Hata ukisema "ni kweli", utasomewa maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka na kuulizwa kama unayakubali yote. Huo ni mlango wako wa pili. Ukisikia jambo ambalo silo, likatae hapo hapo. Ukiyakubali yote, hutaweza tena kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, isipokuwa uonyeshe kwamba kukiri kwako hakukuwa kamili au kwamba shtaka lenyewe halikuwa kosa kisheria. Kinachobaki kwa kawaida ni rufaa dhidi ya ukubwa wa adhabu.

Kuhusu ushauri wa mahabusu kwamba "kiri tu, utapigwa faini utoke": makosa kadhaa yana kifungo cha chini kilichowekwa na sheria, na hakimu hawezi kushuka chini yake. Kubaka ni miaka 30, unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30. Uliza kwanza adhabu ya kosa lako ni ipi.

Tangu 2019 kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa na upande wa mashtaka hukubaliana na mahakama inasajili. Usiingie huko bila wakili.

## Hatua ya 5: Wakati wa ushahidi

Wengi hawana wakili. Katika kesi za mauaji Mahakama Kuu, serikali inakuwekea na kumlipa. Katika kesi nyingine, mwambie hakimu kwamba huna uwezo na unaomba msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Unaweza pia kuwaendea Chama cha Wanasheria Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake, TAWLA na WLAC. Msaidizi wa kisheria wa kata yako hataweza kukusimamia mahakamani kama wakili, lakini atakuelekeza na kukuandikia barua, na hatakiwi kukutoza.

Ukijisimamia mwenyewe, mambo manne yabaki kichwani.

Kipingamizi huja kabla ya kielelezo (hati au kitu cha ushahidi) kupokelewa. Upande wa mashtaka unapoomba kutoa kielelezo, hakimu atakuuliza kama una pingamizi. Ikiwa ni maelezo ya onyo uliyolazimishwa, simama useme: "Napinga, sikuyatoa kwa hiari." Mahakama italazimika kusimamisha kesi na kuchunguza suala hilo kwanza. Ukisema "sina pingamizi" halafu ukayakana kwenye utetezi, umechelewa.

Kielelezo kikipokelewa, kisomwe. Hati iliyopokelewa bila kusomwa kwa sauti mahakamani huondolewa na Mahakama ya Rufani. Kwa PF3 una haki ya ziada: unaweza kuomba daktari aliyeijaza aitwe umhoji.

Usipouliza, umekubali. Shahidi akisema alikuona saa mbili usiku dukani na wewe hukumuuliza lolote juu ya hilo, mahakama inaweza kuchukua kwamba hupingi. Usigombane naye. Uliza maswali mafupi: kulikuwa na mwanga gani? Ulikuwa mbali kiasi gani? Ulinitaja kwa nani mara ya kwanza, na lini?

Ulikuwa mahali pengine? Sema mapema. Utetezi huo unahitaji taarifa kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, au angalau maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Ukiuleta mwishoni, hakimu ana ruhusa ya kutoupa uzito wowote.

Upande wa mashtaka ukifunga, hakimu anaamua kama una kesi ya kujibu. Ikiwa hakuna, unaachiwa hapo. Ikiwa ipo, anakueleza haki zako: kujitetea kwa kiapo au bila kiapo, na kuita mashahidi. Unaweza kunyamaza, ila mahakama inaruhusiwa kufikiria ukimya huo dhidi yako. Shahidi wako akikataa kuja, omba mahakama imtumie wito. Huna wajibu wa kuthibitisha kwamba huna hatia. Inatosha kutia shaka ya msingi.

# SEHEMU YA PILI: Ukiwa umetendewa kosa

## Hatua ya 6: Saa za kwanza

Ikiwa ni ubakaji au ulawiti, usioge, usibadilishe nguo, nenda hospitali hata kabla ya kujua utasema nini. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Uchunguzi wa daktari nao unadhoofika kwa kasi hiyo hiyo.

Katika hospitali kadhaa kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja. Pasipo na kituo hicho, pita polisi uchukue PF3 kisha uende hospitali. Majeraha yakiwa mabaya, tiba inatangulia. PF3 italetwa na ndugu. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116. Kwa dharura ya polisi, 112.

Nawaomba wazazi na wazee wa familia kwa dhati: msikae kikao cha ukoo kwanza. Wakati mnapanga faini ya mbuzi, ushahidi wa mtoto unafutika, na mtuhumiwa anapata muda wa kupanda basi.

## Hatua ya 7: Kuripoti na kutoa maelezo

Omba namba ya RB. Bila hiyo huna uthibitisho kwamba uliripoti, na ukirudi baada ya wiki mbili utaanza upya. Kwa ukatili wa kijinsia au dhidi ya mtoto, omba kuhudumiwa na Dawati la Jinsia na Watoto.

Maelezo yako ya siku ya kwanza yatalinganishwa na utakayosema kizimbani miezi mingi baadaye. Kwa hiyo:

Mtaje unayemjua mapema. Mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza aliyoipata ni kipimo kikubwa cha ukweli wake. Ikiwa uliogopa kumtaja, sema kwamba uliogopa na kwa nini.

Eleza ulivyomtambua. Tangu 1980 Mahakama ya Rufani inataka mambo yale yale kwa tukio la usiku: chanzo cha mwanga na ukali wake, umbali, muda uliomwona, na kama mlifahamiana kabla. "Kulikuwa na mwanga" haitoshi. "Taa ya umeme ya ukutani, alisimama hatua tatu kutoka kwangu, ni jirani yangu tangu utotoni" inatosha.

Kwa mali iliyoibwa, taja alama za pekee kabla hujaonyeshwa kilichopatikana: mkwaruzo, stika, namba. Kusema "hii ni simu yangu" baada ya kuiona mezani hakuna uzito.

Kwa mtoto aliyebakwa, umri lazima uthibitishwe mahakamani, kwa cheti au kwa ushahidi wa mzazi au daktari. Kuna kesi zilizoanguka kwa sababu hiyo tu.

Maelezo yakiisha, yasome kabla ya kusaini, kama nilivyomwambia mtuhumiwa hapo juu.

## Hatua ya 8: Kufuatilia bila kuharibu

Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Anayeiendesha ni Mkurugenzi wa Mashtaka kupitia waendesha mashtaka wake. Wewe ni shahidi. Ndiyo maana "nimeshamsamehe" hakufuti kesi. Sheria inaruhusu mahakama kusuluhisha makosa madogo kama shambulio la kawaida, si ubakaji wala unyang'anyi. Ukichukua fedha ili usifike mahakamani, unaweza kukamatwa kama shahidi aliyekaidi wito, na fedha hiyo inaweza kukutia hatiani.

Weka jina na namba ya mpelelezi, na uliza tarehe ya kesi kila inapoahirishwa. Kesi nyingi hufutwa kwa sababu mashahidi hawakutokea, na wakati mwingine hawakutokea kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ukihama au ukibadilisha namba ya simu, mjulishe mpelelezi.

Ukitishwa, ripoti na upate RB nyingine, kisha mwambie mwendesha mashtaka ili aombe dhamana ifutwe. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015.

## Hatua ya 9: Kizimbani, na fidia

Kesi za makosa ya kujamiiana husikilizwa faraghani, na ushahidi wake hautakiwi kutangazwa. Ukiona watu wasiohusika wamekaa ndani, mwambie mwendesha mashtaka kabla hujaanza. Mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo kwa kuahidi kusema ukweli na si uongo. Na katika makosa hayo, ushahidi bora ni wa aliyetendewa mwenyewe. Ukiaminika, unatosha kutia hatiani bila shahidi wa pili. Usikubali mtu akukatishe tamaa kwa "nani alikuona".

Fidia ndiyo haki inayosahauliwa zaidi. Mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama ina uwezo wa kuamuru akulipe, na kwa makosa ya kujamiiana sheria inaelekeza amri hiyo itolewe pamoja na kifungo. Mpe mwendesha mashtaka risiti za matibabu, nauli na thamani ya mali kabla ya siku ya hukumu, kwa maandishi, umwombe aiombe mahakama. Amri ikitolewa, hakikisha imeandikwa kwa kiwango, si "atamfidia mlalamikaji". Kwa hasara kubwa zaidi unaweza kufungua kesi ya madai. Kwa kawaida una miaka 3 tangu tukio.

# SEHEMU YA TATU: Baada ya hukumu

## Hatua ya 10: Rufaa na siku zake

Aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Muda wa kusubiri nakala za mwenendo (kumbukumbu za kesi) na hukumu hautiwi kwenye hizo 45. Kwa hiyo ziombe kwa barua siku ya hukumu, na bakiza nakala ya barua iliyogongwa muhuri.

Siku 10 ndizo zinazowaua watu. Taarifa si insha: jina, namba ya kesi, mahakama, tarehe, na sentensi moja kwamba hukuridhika na unakusudia kukata rufaa. Mfungwa anaitoa kupitia mkuu wa gereza, hata jioni ile ile anapopokelewa. Ndugu, msisubiri kupata fedha za wakili ndipo iandikwe.

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni ndani ya siku 30.

Aliyetendewa kosa naye ana njia. Mshtakiwa akiachiwa na Mahakama ya Mwanzo, mlalamikaji mwenyewe anaweza kukata rufaa ndani ya hizo siku 30. Akiachiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, naye ana siku 30 za kutoa taarifa. Mwandikie barua wiki ya kwanza kupitia ofisi ya mashtaka ya mkoa, ukitaja namba ya kesi na sababu za kutoridhika.

Muda ukiwa umeshapita, unaomba Mahakama Kuu (au Mahakama ya Wilaya, kwa rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo) ikuongezee, kwa hati ya kiapo inayoeleza kila siku ya kuchelewa. Hapo daftari la siku ya kwanza linatumika tena, pamoja na barua yenye muhuri na, kwa mfungwa, uthibitisho wa magereza kuhusu tarehe alizopokea nakala zake.